Nani Alimtia Babu Yangu Kwenye Sura ya Visasili?

Wandugu, nina neno, na leo nitalisema.

Jumapili moja tulikuwa kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi, pale karibu na Makadara, Mombasa. Kahawa chungu ilikuwako, kashata zilikuwako, na mashairi yalikuwako, mengine matamu, mengine yamelazimishwa vina mpaka yakalia. Kijana mmoja akasimama kusoma lake. Ndani yake akasema kwamba baada ya miaka elfu mbili watoto wa shule watasoma Biblia na Kurani kama sisi tunavyosoma habari za Zeus: hadithi tamu za watu wa kale, za kufanyia mtihani na kusahau.

Hakufika ubeti wa tano. Mmoja alivuta astaghfirullah ndefu akaondoka na viatu mkononi. Dada mmoja akashika msalaba wake shingoni kama mtu aliyeona kibaka. Mwenye shairi akacheka: "Mwaona? Ukweli unauma." Na mzee mmoja aliyekuwa akipita tu, akinunua kahawa yake, akasema mambo ya Mungu hayafanyiwi ushairi wa mchezo. Kikao kikavunjika. Kashata zikabaki.

Mie nilinyamaza. Watu wakadhani nimeogopa. Sikuogopa, bwana. Nilikuwa nawaza kwamba wote watatu, mwenye kucheka, mwenye kukasirika na mwenye kuondoka, wamekosea mahali pamoja. Walibishana kama siku moja dini itakuja kugeuka kisasili. Hakuna aliyekumbuka kwamba jambo hilo lishafanyika, hapa hapa, si mbali, na kwamba mie nilishiriki.

Mwacheni niungame kwanza, kisha tubishane.

Alama kumi na saba

Nilipokuwa chuoni tulipewa kazi ya fasihi simulizi: kila mtu akusanye visasili vitatu kutoka katika jamii yake. Mie ni Mgiriama. Nikapanda matatu mpaka Kaloleni, nikashuka, nikatembea hadi kwa babu yangu mzaa baba. Babu hakuwahi kubatizwa wala kusilimu. Baba yangu alibatizwa, shangazi yangu akaolewa na Mwislamu akasilimu, mie nikabatizwa tumboni karibu. Babu akabaki alipokuwa. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amesimamisha koma, vijiti vya mti vya baba yake na ndugu yake, na kila lilipotokea jambo kubwa, harusi au ugonjwa, aliwamiminia tembo la mnazi na kuwaambia habari. Akimaliza kuongea nao, anamwomba Mulungu. Hakuwa na haraka na hakuwa na kelele.

Nikamrekodi kwa simu. Akanieleza jinsi Wamijikenda walivyotoka Singwaya kule kaskazini, wakashuka, wakajenga kaya zao katika misitu. Akanieleza mvua inavyoombwa, nani anaruhusiwa kuingia kaya, na kwa nini mti wa kaya haukatwi hata ukianguka wenyewe. Alieleza kwa sauti ile ile aliyoitumia kunieleza bei ya mbuzi. Hakuwa akinisimulia ngano. Ngano alizijua, na akitaka kusimulia ngano alibadilisha sauti, akangojea jioni.

Nikaandika, nikapeleka. Mwalimu akanipa kumi na saba kwa ishirini na kuandika kwa wino mwekundu: "Kisasili kizuri." Nikafurahi kama mjinga.

Likizo nikarudi kwa babu. Akaniuliza, "Mwalimu wako amesemaje?"

"Amesema ni kisasili kizuri, babu."

"Kisasili ndio nini?"

Nikamjibu kama kitabu kilivyonifundisha, tena kwa fahari: ni hadithi ambayo watu wa kale waliiamini kuwa kweli, juu ya asili ya mambo.

Babu akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Watu wa kale ndio nani? Mimi?"

Nikacheka kwa aibu. Yeye hakucheka. Akaniuliza tena: "Na ile ya yule mtu aliyekaa tumboni mwa samaki siku tatu, baba yako huniambia ile. Nayo mwaiandika kwenye kitabu hicho hicho?"

Ndugu msomaji, ile haikuwa kwenye kitabu hicho. Ile ilikuwa somo jingine kabisa, na mwalimu mwingine, na ratiba yake. Nabii Yona kwa wakristo, Nabii Yunus kwa waislamu, yuko kwenye somo la dini. Babu yangu yuko kwenye fasihi simulizi, sura ya tatu, kati ya ngano za sungura na vitendawili.

Swali lake sikulijibu. Makala hii ndiyo jibu, na imechelewa.

Dini hufa vipi

Sasa twende kwa Zeus, maana ndiye aliyezua ugomvi.

Watu husema Zeus aligeuka kisasili kwa sababu watu walierevuka. Ati Wayunani walikaa, wakafikiri, wakaona haiwezekani mtu akae juu ya mlima akirusha radi, wakaacha. Si kweli. Wenye akili wa Kiyunani waliyauliza maswali hayo mamia ya miaka kabla ya Yesu kuzaliwa, na mahekalu yakaendelea kujaa. Kilichofunga mahekalu ni amri. Mwaka 391 na 392 Kaisari Theodosius alitoa sheria za kukataza sadaka na ibada za miungu ya zamani. Mwaka 529 Justinian akawazuia wafuasi wa zamani wasifundishe Athens. Kwanza sheria, kisha shule. Baada ya hapo mtoto anazaliwa, hamsikii mtu yeyote akimwogopa Zeus, na siku anapokutana naye anakutana naye kitabuni. Huo ndio ugeukaji.

Misri nako hivyo hivyo. Dini ya Isis na Osiris ilidumu karibu miaka elfu tatu. Hebu tulia hapo kidogo. Ukristo una miaka elfu mbili, Uislamu una miaka elfu moja na mia nne. Kwa umri, dini hizi mbili ni vijana mbele ya yule ajuza wa Misri. Maandishi ya mwisho ya michoro yale matakatifu tunayoyajua yalichongwa katika kisiwa cha Philae mwaka 394. Baada ya hapo, kwa karibu miaka elfu moja na mia nne, hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kuyasoma, mpaka Mfaransa Champollion alipoyafumbua mwaka 1822. Sala ya watu wa miaka elfu tatu ikawa mapambo ya ukuta.

Kwa hiyo rafiki yangu mshairi ana haki nusu. Ukubwa hauokoi. Dini ya Mani, ambayo pengine wewe hujapata kuisikia, ilienea kutoka dola la Rumi mpaka China. Mtakatifu Augustino mwenyewe aliifuata karibu miaka tisa kabla ya kuwa mkristo. Leo haina hata kisasili maarufu cha kuchorea katuni.

Lakini haki yake ni nusu tu, kwa sababu umri nao hauui. Chukua dini ya Zarathustra. Ilikuwa dini ya wafalme wa Uajemi kwa karne nyingi, ikaangushwa pamoja na dola lao katika karne ya saba. Kwa hesabu ya mshairi wetu ingekuwa imeshakuwa hekaya zamani. Na je, ilikuwa? Freddie Mercury, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alipofariki London mwaka 1991, mazishi yake yalisomewa na makuhani wa Zarathustra. Ndio, yule mwimbaji wa Queen! Sala za zamani kuliko Injili, zikasomwa enzi za kaseti na televisheni. Kwa nini? Kwa sababu watu wachache walikataa kuacha, wakapanda vyombo wakaenda Bara Hindi, wakaoana, wakafundisha watoto wao.

Basi andika hii: dini haigeuki kisasili kwa kuwa ya zamani, wala kwa kuwa ya uongo. Inageuka siku mtu wa mwisho anayeiogopa anapokufa, na mtu wa kwanza anayeipenda kama hadithi anapochukua kalamu.

Na huyo mwenye kalamu mara nyingi ni ndugu yetu, mwandishi. Watu wa Iceland walikubali ukristo kama mwaka 1000. Kiasi cha mwaka 1220 Snorri Sturluson, mkristo, akaandika habari za Odin na Thor, ili washairi vijana waelewe mafumbo ya mashairi ya zamani. Bila yeye tungejua kidogo sana. Lakini tazama: alizihifadhi kwa kuzigeuza somo la ushairi. Mwandishi ndiye aliyeziosha maiti, akazivika sanda nzuri, akazilaza kwenye rafu.

Nami kwa babu yangu nilifanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba babu alikuwa bado hai.

Aliyeshinda hachekwi

Mwaka 1905 kule Ngarambe, kusini mwa Tanganyika, Kinjeketile Ngwale aliwapa watu maji, akawaambia risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Vita vya Maji Maji vikaendelea mpaka 1907. Tunajua yaliyotokea: Kinjeketile alinyongwa mapema kabisa, risasi hazikugeuka maji, na njaa ikamaliza waliobaki. Leo darasani mwanafunzi akisikia habari za yale maji, anacheka. Nimesikia kicheko hicho kwa masikio yangu.

Sawa. Mwaka 312, inavyosimuliwa, Kaisari Konstantino aliona ishara ya Kristo kabla ya vita, akaambiwa kwa ishara hiyo atashinda. Akashinda. Nani anacheka? Hakuna. Tunajenga makanisa.

Sisemi ishara ile ilikuwa ya uongo, wala sisemi maji yale yalikuwa ya kweli. Nasema tofauti ya kicheko haitokani na kilichoonwa. Inatokana na nani alirudi nyumbani na upanga wake. Aliyeshinda, imani yake inaitwa dini. Aliyeshindwa, imani yake inaitwa kisasili siku ikiwa na bahati, na ushirikina siku ikikosa bahati. Ndio maana namheshimu Ebrahim Hussein. Katika tamthilia yake, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, alimpa mtu yule shaka, hofu na uzito wa nabii. Hakumfanya mganga wa kuchekesha. Wangapi kati yetu tumefuata mfano huo?

Kwetu pwani mambo ni hayo hayo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama wakala kiapo kukataa kodi na kazi za Waingereza. Wakamkamata, wakampeleka Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Sasa nikuulize, mtu hulipua ngano kwa baruti? Mwingereza yule alijua vizuri kwamba mle ndani mna dini, tena dini yenye nguvu ya kuwafanya watu wakatae. Ni sisi wajukuu, tuliosoma, ndio tusiojua.

Na baada ya baruti wakaja wenye malori. Vigango, zile nguzo zilizochongwa kwa wazee wa chama cha Gohu waliofariki, zilianza kung'olewa usiku na kuuzwa. Mamia yakaishia kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani na sebule za matajiri. Kibandiko kikasema "sanaa". Kwa mwenye boma, ile si sanaa, ni mzee wake amesimama. Mwaka 2007 vigango viwili vilirudishwa kwa familia ya Kimijikenda iliyoibiwa. Jumba la makumbusho la Denver, lililokuwa na vigango 30, nalo likatangaza mwaka 2014 kwamba litavirudisha. Wamarekani wale waliisha kuelewa. Sisi je?

Mpagani wa kuagizwa

Sasa mshairi wangu, kaka, nakugeukia wewe. Unajiona jasiri kwa sababu umesema Biblia na Kurani zitakuwa kama Zeus. Lakini kwa nini Zeus? Umezaliwa Bamba, umekulia Kongowea, hujawahi kukanyaga Ugiriki. Mbona hukusema "zitakuwa kama Mulungu wa bibi yangu"? Nitakwambia kwa nini. Kwa sababu kwako Mulungu wa bibi yako hakuwahi hata kuwa dini ya kuweza kufa. Alianza moja kwa moja kama hadithi. Hata ukafiri wako, bwana, umeshushwa Kilindini kwenye kontena.

Na jina lenyewe unalokana unalijua linatoka wapi? Mulungu ni jina la Wagiriama, la Wayao, la Wachewa, la Wanyamwezi. Mungu wa Kiswahili ni ndugu yake wa tumbo moja. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, hakuja na jina hili, alilikuta. Walioleta Uislamu nao walilikuta, wakalikubali, ndio maana tunasema Mwenyezi Mungu mpaka leo. Kila adhana ikitafsiriwa, kila Baba Yetu ikisaliwa kwa Kiswahili, jina la Mungu wa mababu linatajwa. Dini mmeiita kisasili, lakini jina mmebaki nalo. Hiyo ni mali ya urithi, na mrithi mwenyewe anaambiwa hana alichorithi.

Vuka barabara

Na wewe dada wa msalaba, na wewe ndugu wa astaghfirullah, msidhani nimewasahau. Mmekasirika ati mtu amethubutu kusema iko siku maandiko yenu yataonekana hadithi. Hiyo siku mnaingoja ya nini? Hamna haja ya kungoja miaka elfu. Vukeni barabara.

Mombasa yetu kanisa na msikiti husikilizana kupitia ukuta. Upande huu wanaamini Mungu alipata mtu, akafa msalabani, akafufuka siku ya tatu. Upande ule wanaona hilo halikuwa, na hawalioni hata kidogo tu. Upande ule wanaamini safari ya usiku mmoja mpaka mbinguni. Upande huu wanalichukua kama simulizi la jirani. Kila mmoja wenu tayari ni kisasili katika nyumba ya mwenzake, na bado mnaazimana chumvi, mnapelekeana biriani na keki. Dunia haikuanguka. Basi kama mnaweza kuishi na jirani asiyeamini mliyoyaamini, mnashindwaje kuishi na shairi?

Kuhusu siku zijazo, nitasema ninachokiona. Ukristo ulishawahi kufa Afrika. Si mzaha. Nubia, kusini mwa Misri, palikuwa na falme za kikristo zilizodumu karibu miaka elfu moja, zenye maaskofu na makanisa makubwa. Zikatoweka. Kanisa la Faras lilifukiwa na mchanga, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajafunika eneo lile, wataalamu wa Kipolandi walizibandua picha za watakatifu ukutani. Leo nyingine ziko Warsaw. Malaika Mikaeli wa Waafrika, kwenye jumba la makumbusho, na namba ya kumbukumbu. Kule Hispania msikiti mkuu wa Cordoba umekuwa kanisa tangu 1236. Hakuna aliyekingwa.

Lakini Mikaeli wa Faras hakugeuka kisasili, kwa sababu kwingine bado kuna wanaomwomba. Hapo ndipo penye nguvu ya dini hizi kubwa: zimetapakaa, zina kitabu, kimetafsiriwa kwa lugha nyingi, na moto ukizimika huku unawashwa kule. Uingereza na Wales, katika sensa ya 2021, waliojiita wakristo walipungua chini ya nusu. Kwetu spika za makanisa zinaongezeka kila mtaa. Kwa hiyo sizioni zikifa karibuni. Ninachokiona ni kusomwa upya. Wakristo wangapi leo, tena wa kusali kila Jumapili, wakiulizwa kama Hawa alitoka kwenye ubavu, husema "hilo ni fumbo"? Hapo wameshaanza kukisoma kitabu chao kama kisasili, na wamebaki ndani ya kanisa, na imani yao haikukatika. Neno hilo, basi, si lazima liwe tusi.

Na hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Kitabu cha shule kinasema kisasili ni masimulizi matakatifu yanayoeleza asili ya mambo. Maana nzuri. Hakisemi ni uongo. Kwa maana hiyo Adamu na Hawa wamo, Gikuyu na Mumbi wamo, Singwaya imo. Lakini ukifika kwenye mifano, Gikuyu yumo, Adamu hayumo. Maana imeandikwa kwa ajili ya wote, mifano imetolewa kwa maskini.

Neno linaua

Mtasema ni ugomvi wa maneno, kijana ana uchungu wa alama tatu alizokosa. Hapana. Neno lina ngazi. Ngazi ya kwanza ni kisasili. Ya pili ni ushirikina. Ya tatu ni uchawi. Na huko Kilifi, ngazi ya tatu, panga linangoja. Wazee wetu wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa kuitwa wachawi, na wengine wamekimbia miji yao kwenda kujificha. Wazee wenyewe husema mara nyingi kinachotafutwa ni shamba. Lakini muuaji anahitaji neno la kumtuliza moyo, na neno hilo sisi tumemnolea. Kijana aliyefundishwa kwamba babu yake na koma zake ni mambo ya giza hahitaji kusukumwa sana.

Na mwaka 2023, katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, msitu wa Shakahola ulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe wakamwone Yesu. Zaidi ya 400, na watoto wamo. Baada ya msiba ule, nani alisimama akasema Biblia ni ushirikina? Hakuna, na ni sawa hakuna, kwa sababu kitabu hakihukumiwi kwa mhubiri mmoja. Tulijua kutofautisha. Tulisema, huyo kapotosha. Basi ombi langu ni dogo tu: akili hiyo ya kutofautisha, kwa nini iwe ya kanisa peke yake? Mganga mmoja akidanganya, dini nzima ya mababu inatiwa motoni.

Kazi yetu

Mie bado nasali. Jumapili ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa kwenye benchi langu la nyuma. Sikuandika haya ili mtu aache imani yake, wala sikuandika turudi wote kaya tukavae kaniki. Kaya Kinondo siku hizi hata mtalii huvishwa kaniki akaingia; kaniki haimgeuzi mtu. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mwaka uliofuata mila zake zikawekwa kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Dunia imeona moto. Sisi wenye nyumba tunajadili Zeus.

Waandishi wenzangu, nina mambo matatu. La kwanza, tumieni mizani moja. Kama Mulungu ni kisasili, basi andikeni kisasili kwa wote, mkione cha moto. Kama mnaogopa, jiulizeni mnaogopa nani, na kwa nini babu yangu hamkumwogopa. La pili, acheni kumleta mganga kwenye hadithi zenu ili watu wacheke. Mleteni kama mnavyomleta padri: mtu mwenye kazi, mwenye shaka, mwenye njaa, na pengine mwenye kudanganya. La tatu, nendeni mkawaulize wazee wangali wanajibu. Lakini mkienda, msiende na kichwa cha habari mfukoni.

Babu yangu alifariki miaka miwili baada ya swali lake. Kanisa la baba likamzika, kwa spika na kwaya. Alikuwa amesema anataka kusimamishiwa koma, kando ya ndugu yake. Wakubwa wakasema hayo ni mambo ya zamani, wageni watatuonaje. Walinigeukia mie, msomi, niseme neno. Nikainamisha kichwa. Mahali pale, kando ya ndugu yake, mpaka leo ni pa wazi.

Mwezi uliopita niliitafuta ile kazi yangu ya chuo. Karatasi zimekuwa za manjano, kumi na saba kwa ishirini bado inang'aa. Nikachukua kalamu, nikakata kile kichwa, "Visasili vya Wagiriama", nikaandika juu yake: "Maneno ya babu yangu juu ya Mungu." Najua kwa mtihani nitapoteza alama. Na Desemba, nikijaliwa, nitakwenda Kaloleni na mti uliochongwa. Baba nimeshamwambia. Amenyamaza, hajasema hapana.